Wadudu Walikufa, Kunde Zikaendelea Kuugua

Simu ilinikuta asubuhi, mwishoni mwa Januari, hata chai sijamaliza. "Mwangaluka, bwana shamba. Wadudu wamekufa wote, nimewaona kwa macho yangu wamekauka kwenye majani. Lakini kunde zinaendelea kuumwa. Sasa hiyo dawa imefanya kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Na dawa yenyewe aliipuliza kwa kunisikiliza mimi. Wiki mbili kabla nilipita shambani kwake kwa haraka, nikaona vidukari, nikaandika kwenye daftari "vidukari, wengi", nikamwambia apulize. Nilikuwa na pikipiki ya kuazima na vijiji vingine viwili vya kufika siku hiyo. Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya hayo maneno mawili ya daftarini.

Shamba liko kijiji kimoja cha wilaya ya Magu, upande unaotazama Ghuba ya Speke. Limekaa kama ngazi. Juu kabisa, chini ya yale mawe makubwa ambayo wageni wa Mwanza hawachoki kuyapiga picha, kuna pamba ya jirani. Chini ya pamba, kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni, mama huyu aliyenipigia simu ana nusu ekari ya karanga. Ukishuka tena unakuta robo ekari ya kunde, anazolima kwa ajili ya majani kwanza na punje baadaye: mengine yanauzwa mabichi sokoni, mengine anayachemsha na kuyaanika yawe nsansa ya kiangazi. Baada ya hapo ni bustani za nyanya za watu wengine, kila moja na pampu yake, halafu matete, halafu maji. Kona moja ya karanga inazipita kunde ubavuni na kushuka mpaka inagusana na bustani hizo. Kona hiyo tutairudia.

Msimu ule mvua za vuli zilianza vizuri Novemba. Kunde alizipanda mapema, kwa jembe la mkono. Karanga zilichelewa karibu wiki tatu, kwa sababu alikuwa akisubiri ng'ombe wa kulimia wa shemeji yake, na shemeji alianza na mashamba yake mwenyewe. Mbegu za karanga nazo hazikutosha, akazipanda kwa nafasi kubwa ili zienee. Halafu Januari ikakauka, kama inavyokauka mara nyingi huku kwetu, na vidukari wakaja.

Kidukari, au mdudu mafuta kama wanavyomwita wakulima wa pamba, wengi wanamjua kwa kumwona. Yule wa kunde na karanga ni mweusi anayeng'aa, mdogo kama punje ya ulezi, anakaa kwa makundi kwenye ncha changa na kwenye maua. Wataalamu wanamwita Aphis craccivora. Kinachomfanya awe balaa ni uzazi wake. Katika nchi za joto kama hii jike hahitaji dume, anazaa majike watupu, wakiwa hai, na ndani ya tumbo la binti anayezaliwa tayari wajukuu wameanza kuumbika. Hali ya hewa ikiwa nzuri kwake, mtoto anakuwa mzazi ndani ya wiki moja hivi. Wengi hawana mabawa. Wakibanana mno, au mmea ukianza kukauka, wanazaliwa wenye mabawa, na hao upepo unawachukua. Mvua kubwa inawaangusha na kuwaua kwa wingi, ndiyo maana ukavu wa Januari ni sikukuu yao.

Mama alinipokea kwa heshima, lakini uso wake ulikuwa unadai. Shemeji yake alikuwepo pia, na alikuwa na maelezo yake tayari: ugonjwa umeletwa na wale vijidudu wanaoinuka ziwani kama moshi, ambao wiki hiyo walikuwa wameuziba mwanga wa taa za kijiji kizima. Nilimwelewa. Mtu akiona wingu la wadudu linatua, kesho yake mimea imenyong'onyea, ataunganisha. Lakini wale wa ziwani wanakulia majini, na wakishapata mabawa wengi wao hawali kitu tena mpaka wanakufa. Hawana mdomo wa kutoboa jani. Shemeji hakuridhika, ila alikubali kubaki atusaidie kuhesabu.

Tulichukua mfuko mtupu wa salfeti, tukaukata vipande vyembamba, tukavifunga kwenye vijiti. Vijana wawili wa mama wakapita mstari kwa mstari, kila shina lenye dalili wanachomeka kijiti pembeni yake. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Halafu tukapanda juu ya jiwe moja lililo ubavuni mwa pamba na kutazama chini.

Kwenye karanga, vijiti vilikuwa vimejazana kwenye ile kona ya bustani, vikawa vichache kadiri unavyopanda, na huku juu karibu na pamba havikuwepo kabisa. Kwenye kunde vilikuwa kila mahali, kama bisi zilizomwagika kwenye mkeka. Hapakuwa na kona wala mwanzo. Wadudu walikuwa walewale weusi, bomba lilelile, dawa ileile, siku moja. Ramani mbili tofauti kabisa.

Jambo la pili alilisema mama mwenyewe, bila kujua uzito wake. "Karanga tangu nipulize haziongezeki sana. Zilizougua zimeugua. Ila kunde kila asubuhi naona mpya." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba siku ya kwanza niliandika jina la msafirishaji tu, mizigo sikuiangalia.

Tuanze na karanga, maana ugonjwa wake ni rahisi kuutambua. Majani machanga yanakuwa ya njano na kujikunja, vifundo vinakaribiana, mmea unadumaa na kujikusanya kama ufagio uliokatwa. Wakulima wanauita ukoma wa karanga. Ukishika mmea ukiwa mchanga, usitegemee kitu ardhini. Ugonjwa huu una historia na nchi yetu: maandishi ya kwanza kuuhusu yalitoka Tanganyika mwaka 1907, enzi za Wajerumani. Tangu hapo umetembea Afrika yote ya kusini mwa Sahara. Nchini Nigeria mwaka 1975 uliharibu karanga kwenye hekta zipatazo laki saba.

Ajabu yake ni kwamba ukoma wa karanga hauletwi na kirusi kimoja. Ni kundi la watatu. Kuna kirusi msaidizi, ambacho peke yake hakionyeshi dalili kubwa. Kuna kirusi cha ukoma chenyewe, ambacho hakina hata ganda lake la kujifunika. Na kuna kipande kidogo kinachoitwa setilaiti, ambacho ndicho hasa kinachofanya majani yawe ya njano na mmea udumae. Setilaiti haiwezi kuzaana bila kirusi cha ukoma. Kirusi cha ukoma na setilaiti hawawezi kusafiri ndani ya kidukari mpaka wavikwe ganda la yule msaidizi. Kwa watu wa ziwa ningesema hivi: mmoja ana mtumbwi, wa pili ana kasia, na wa tatu ni abiria anayeanzisha fujo mkifika nchi kavu. Mara nyingine kidukari anaonja karanga juujuu tu na kuwaacha hao wawili bila mwenye mtumbwi. Mmea huo utaugua kama kawaida, lakini hautaambukiza mwingine, kwa sababu hakuna wa kuwavusha.

Kwa kesi yetu jambo kubwa ni muda. Msaidizi anaishi kwenye mishipa ya chakula ya mmea, ndani kabisa. Ili kidukari ampate, lazima atulie, aingize mdomo wake ulio kama sindano mpaka ufike kwenye mishipa, anywe kwa saa kadhaa. Hata akishanywa, hawezi kuambukiza papo hapo. Virusi vinatoka kwenye utumbo, vinaingia kwenye damu yake, vinafika kwenye tezi za mate, na safari hiyo inachukua zaidi ya siku moja. Baada ya hapo anaweza kuambukiza kwa siku nyingi, pengine mpaka kufa kwake, na akipata dakika kumi tu za kunyonya kwenye mmea mzima zinaweza kumtosha. Watoto wake hawarithi, kila mmoja lazima ajipatie mwenyewe kwa kunyonya mmea mgonjwa.

Sasa weka dawa katikati ya ratiba hiyo. Kidukari asiye na mabawa aliyezaliwa kwenye shina gonjwa anahitaji saa kadhaa za kunywa na siku nzima na zaidi ya kusubiri kabla hajawa hatari kwa shina la jirani. Dawa ikimkuta katikati, mnyororo umekatika. Ndiyo maana kijiji cha vijiti kwenye ile kona kiliacha kupanuka. Mashina yaliyokuwa yameshaambukizwa kabla ya dawa yaliendelea kuonyesha dalili kwa wiki moja na zaidi, kwa hiyo mtu anayepuliza Jumatatu asitoe hukumu Ijumaa. Dawa haikumzuia kidukari mwenye mabawa aliyefika akiwa tayari amebeba mzigo. Huyo anatua, ananyonya, anaambukiza, ndipo afe. Lakini kueneza kutoka shina hadi shina ndani ya shamba, hilo lilipungua.

Kunde ni kesi nyingine. Majani yake yalikuwa na batobato, kijani kilichoiva na kijani kilichopauka vimechanganyikana, mengine yamevimba kama malengelenge katikati ya mishipa na kingo zimejikunja. Kanda hii neno batobato tunalijua sana kutokana na mihogo, na watu wengi, nadhani, wanachukulia kwamba batobato zote ni za namna moja. Ile ya mihogo inabebwa na inzi weupe na vipando. Hii ya kunde inabebwa na vidukari na mbegu, na vidukari wanavyoibeba ni tofauti kabisa na walivyobeba ukoma wa karanga.

Kidukari akitua kwenye jani hajui kama ni chakula chake. Anaonja. Anachoma ngozi ya juu ya jani kwa sekunde chache, pengine nusu dakika, anapima utomvu, halafu anaamua kukaa au kuondoka. Virusi vya kunde vya jamii ya potivirusi vimejipanga kwa ajili ya kuonja huko. Vinanasa kwenye ncha ya ile sindano, vikishikiliwa na protini maalumu inayofanya kazi kama gundi, na kuonja kunakofuata kunavisukuma ndani ya jani jingine pamoja na mate. Tumbo na damu havihusiki, wala hakuna kusubiri. Baada ya kuonja mimea michache, mdomo umesafishika, na ndani ya muda mfupi kidukari huyo si hatari tena, mpaka aonje mmea mgonjwa mwingine. Mdomo unakaa na kirusi kwa muda mfupi tu, lakini unakichukua na kukiacha kwa sekunde.

Ni dawa gani itamuua mdudu ndani ya sekunde hizo? Hata zile zinazoangusha haraka zinahitaji dakika. Na baadhi yake, hasa za jamii ya pairethroidi, zinamkera kidukari kabla hazijamuua. Anachoma hapa anaacha, anaruka jani la pili, anachoma, anaacha. Kwa potivirusi hakuna huduma bora zaidi ya hiyo. Kwa maneno mengine, ushauri wangu wa siku ya kwanza, kwa upande wa kunde, inawezekana kabisa ulisaidia ugonjwa. Nilimwambia mama hivyo. Alinitazama kwa muda, akasema, "Afadhali umesema mwenyewe."

Kuna jambo lililonisumbua zaidi ya hilo. Mama hakununua dawa dukani. Alitumia dawa ya pamba iliyobaki kwenye chupa, aliyopewa na jirani. Mimi nilisema "puliza" bila kuuliza "utapuliza nini". Lebo ya dawa ile ilizungumzia pamba tu, wala haikuwa na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma majani, maana pamba hailiwi mboga. Na wakati huo wote binti yake alikuwa akichuma majani ya kunde na kuyapeleka sokoni. Tuliyasimamisha mauzo papo hapo. Mama aliuliza kama kunde zenye batobato zinaliwa. Nilimjibu kwamba virusi vya mimea havimpati mtu, jani lenye batobato ni chakula kama kawaida ingawa si zuri kwa macho. Cha kuogopwa pale ni dawa. Kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa zao husika. Kwa mboga ya majani sioni nafasi ya mjadala.

Virusi vya kunde vilitoka wapi mwanzoni? Nilimuuliza mama alianza kuona mabaka lini. "Toka zina majani matatu," akasema, "kuna zilizozaliwa nayo." Alikuwa amejibu swali zima. Wakati huo vidukari hawakuwepo bado, mvua ilikuwa inanyesha. Mbegu yake alikuwa ameitunza mwenyewe kutoka msimu uliopita, na ilipopungua akaongezea kisado kimoja kutoka sokoni. Potivirusi vya kunde vinapita kwenye mbegu. Sehemu fulani ya punje zinazovunwa kwenye mashina magonjwa zinaota zikiwa wagonjwa tayari, na miche hiyo inatawanyika shambani pasipo mpangilio, kama mbegu ilivyotawanyika. Ndiyo bisi tulizoziona kutoka juu ya jiwe. Kila mche wa aina hiyo ni jiko lililowashwa, kidukari ni wa kusambaza moto tu.

Tena si lazima awe kidukari wa kunde. Jambo hili ndilo lililomshangaza shemeji kuliko yote. Yule wa pamba, Aphis gossypii, naye anabeba virusi vya kunde. Januari pamba ilikuwa changa, ina vidukari wake, na wenye mabawa walikuwa wanashuka na upepo. Akitua kwenye kunde anaonja, anagundua si kwake, anaonja jani la pili, la tatu, anaondoka. Hakai, hazai, hutamkuta kwenye jani hata ukitafuta kwa miwani. Ila ameacha ugonjwa. Kwa hiyo mama alikuwa sahihi aliposema wadudu wamekufa wote na ugonjwa unaongezeka. Aliowaona wamekufa ni wakazi. Wapita njia hawakuwa na habari na dawa.

Niseme wazi kwamba hakuna sampuli iliyopelekwa maabara. Ukoma wa karanga unatambulika vya kutosha kwa macho, hasa ukishaondoa njano ya maji kusimama, ambayo luseni hainayo, na njano ya udongo kukosa rutuba, ambayo haikunji mmea kuwa ufagio. Batobato ya kunde ni ngumu zaidi. Inaweza kuwa ya potivirusi, inaweza kuwa ya kirusi cha matango, ambacho pia kinashambulia kunde, na mara nyingi viwili hivyo hukaa pamoja. Lakini kirusi cha matango nacho kinabebwa kwenye ncha ya mdomo kwa sekunde, na kwenye kunde nacho kinapita kwenye mbegu. Majibu ya maabara yangebadilisha jina, uamuzi wa shambani ungebaki uleule, na nauli ya kupeleka majani ilikuwa na kazi nyingine.

Ilibaki ile kona ya karanga. Ukoma wa karanga haupiti kwenye mbegu, kwa hiyo lawama ya mbegu haikuwepo. Virusi vyake vinahitaji karanga hai msimu hadi msimu, na kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba kinaua karanga zote za mlimani. Isipokuwa kando ya ziwa. Tulishuka kwenye bustani za nyanya, na pale kwenye matuta, katikati ya nyanya na pembeni ya mifereji, kulikuwa na karanga zilizojiotea, maotea ya misimu iliyopita, zimenyweshwa na pampu kiangazi chote. Tulihesabu mashina kumi na moja kwenye bustani iliyo jirani na kona. Saba yalikuwa na ufagio wa njano, na vidukari juu yake, na sisimizi wakipanda na kushuka kukamua utamu wao. Upepo wa mchana huku unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Kidukari mwenye mabawa akiinuka pale, kituo chake cha kwanza ni kona ya mama.

(Bustani zile nyingi ziko ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa, ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu. Hilo ni la viongozi wa kijiji, mimi nilikwenda kwa ajili ya karanga.)

Kuchelewa kupanda kuliongeza madhara, maana vidukari wa Januari walizikuta karanga zikiwa changa, umri ambao ukoma unaua mavuno yote. Kupanda kwa nafasi kubwa kuliongeza pia. Kidukari anayeruka anavutwa na kijani kinachoonekana peke yake juu ya udongo mtupu, shamba likiwa limefunga vizuri analipita. Karanga za kusimama tunashauri sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashina. Mama alikuwa ameweka karibu mara mbili ya hiyo 10. Alitaka mbegu kidogo zitoshe eneo kubwa, na mtu mwenye mbegu kidogo nani atamlaumu. Ila robo ekari iliyobanana ingempa karanga nyingi kuliko nusu ekari ile.

Kwa msimu ule hatukuokoa mengi. Karanga hatukuzipuliza tena. Kunde zilibaki za kula nyumbani baada ya kusubiri, na nilimsihi asitunze hata punje moja kwa mbegu, wala kwenye mashina yaliyoonekana mazima, maana shina linaweza kuambukizwa lisionyeshe. Hilo lilimuuma kuliko hasara ya karanga. Mbegu ile ilikuwa imetoka kwa mama mkwe wake.

Oktoba iliyofuata alianza mapema. Mbegu za kunde alipata za daraja la kuazimiwa ubora, yaani zinazozalishwa na wakulima chini ya ukaguzi, kutoka kwa kikundi kilichokaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Nilimshauri azungushie kunde mistari ya mtama, ipandwe wiki mbili au tatu kabla, ili kidukari anayeingia aonje mtama kwanza na kusafisha mdomo wake kwenye mmea ambao kirusi cha kunde hakiuwezi. Alikataa mtama. Alisema atakuwa amewaita ndege mwenyewe, na watoto wako shuleni, nani atawafukuza? Alikuwa na haki, akapanda mahindi, mistari miwili. Kunde zilipofikisha majani matatu alipita na kung'oa kila mche wenye mabaka, na tena baada ya wiki. Niliona kazi hiyo ikifanyika, na ilikuwa kama miche thelathini tu kwenye robo ekari nzima. Karanga alizipanda na mvua ya kwanza, kwa mkono, bila kumsubiri shemeji, kwenye robo ekari, zimebanana. Katikati akachomeka maharage. Hilo alilipenda kwa sababu ya chakula, mimi nililipenda kwa sababu nyingine: nchini Malawi walishaona karanga zilizochanganywa na maharage zikiugua ukoma kidogo zaidi, maana majani ya maharage yana vinyweleo vilivyopinda kama ndoana na vidukari wananasa humo.

Hakupuliza kitu. Januari vidukari walikuja, na safari hii wakaja pia wale wadudu wa duara wenye mgongo wa madoa ambao dawa ya mwaka uliotangulia iliwamaliza, na wakawala kwa wingi. Kunde hazikuwa safi, batobato ilionekana mwishoni mwa Januari upande wa pamba, lakini majani yaliendelea kuuzwa mpaka Februari. Karanga zilivunwa. Sitasema hatua gani ilifanya kazi kuliko nyingine, kwa sababu alizifanya zote kwa pamoja, na mvua ya Januari ile haikukatika kama ya kwanza. Mvua peke yake inaweza kuwa ilifanya nusu ya kazi.

Kwenye ile kona mashina machache yalikuwa na ufagio. Mama alikuwa ameng'oa maotea yote ya upande wake tangu Oktoba, na akaenda kumwomba mwenye bustani naye ang'oe ya kwake. Kijana yule alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka. Zile, alisema, ni karanga za bure, zimejiotea zenyewe na maji zinakunywa ya nyanya, anatafuna akichoka kupampu. Mama ameniomba niende nikaongee naye mimi, kwa sababu eti bwana shamba anasikilizwa.